Pini ya Mjukuu

"Hata hereni?" aliuliza Bi Parashqevi.

"Hata hereni, mama. Saa, pete, sidiria yenye waya, vibanio vya nywele, pini. Chochote cha chuma."

"Na meno?"

"Meno yangu bado ni ya Mungu."

"Yangu yangenizuia mlangoni," alisema bikizee, akarudi kwenye vitunguu alivyokuwa akivikata kwa ajili ya lakror, ile pai ya kwao. Jiko la kuni lilinguruma nyuma yake, na madirisha ya jikoni yalikuwa yameota ukungu wa Februari. Donika aliikunja karatasi ya maelekezo ya kliniki na kuitia mfukoni. Alikuwa ameisoma kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mavyaa wake hakupenda mambo ya nyumba yake yasomwe kimyakimya.

"Sumaku yenyewe ni kubwa kiasi gani?"

"Wanasema mtu anaingia mzimamzima."

"Kama mkate kwenye tanuri."

"Mama!" alifoka Vangjel, mume wa Donika, aliyekuwa akivua viatu mlangoni, nywele zake zikiwa nyeupe kwa vumbi la vigae.

"Nimesema nini? Mkate unatoka tanurini ukiwa mzuri kuliko ulivyoingia. Njoo, bi arusi, jaribu hii." Bi Parashqevi alifuta mikono kwenye aproni, akatoa chini ya mto wa kiti fulana ya ndani, nyeupe na ndefu, iliyoshonwa kwa mkono. "Pamba tupu. Hakuna zipu, hakuna kifungo. Mashine za chuma zina baridi ya chuma, na wewe kiuno chako hushika baridi upesi."

Katika nyumba ile Donika alikuwa bi arusi tangu siku aliyovuka kizingiti akiwa na shela, na aliendelea kuwa bi arusi ingawa mvi tatu nne zilikwisha kumtokea kipajini. Huko Korçë, Albania, neno hilo ndilo linalotumika kwa mke wa mwana, mpya na wa zamani, na halina ubaya ndani yake. Lakini majirani walioolewa baada yake walikwisha kuitwa mama fulani na mama fulani, na yeye masikio yake yalikuwa yamejifunza kulipima neno hilo kila liliposemwa, kama mtu apimaye mayai kwa kuyatikisa.

Aliipokea fulana. Upindo wake wa chini ulikuwa mnene kidogo. Akafikiri: macho ya mzee, uzi mwingi.

*

Walichokuwa wamekificha, au walichodhani wamekificha, kilikuwa hiki. Baada ya miezi ya damu isiyojua majira yake, Daktari Arjana alikuwa amekwangua kipande cha utando wa ndani wa kizazi cha Donika na kukipeleka maabara. Jibu liliporudi aliwaita wote wawili, akafunga mlango, akalitaja neno saratani bila kulipaka rangi. Kisha akamgeukia Vangjel.

"Wewe ni fundi. Ukuta ukiota unyevu, kabla hujashika nyundo, unataka kujua nini?"

"Kama unyevu umeishia kwenye lipu au umeingia kwenye tofali."

"Na mimi nataka kujua hilohilo. Ugonjwa uko kwenye utando, yaani kwenye lipu. Kama haujapita hapo, naweza kumpa dawa, nikasubiri, nikamwachia kizazi kwa muda, labda mkapata mtoto kwanza. Kama umeingia kwenye misuli, kizazi kinatoka. Na kama umevuka nusu ya unene wa misuli, basi upasuaji si wa kwangu tena. Ni mkubwa zaidi, utafanywa Tirana, pamoja na tezi, na mionzi baadaye."

"Utajuaje bila kufungua?" aliuliza Donika.

"Mikono yangu haijui. Kipimo cha MRI kinajua, au kinakaribia kujua. Nenda ukapigwe picha, halafu tuzungumze."

Foleni ya hospitali ya serikali ilikuwa ndefu, wakaamua kwenda kwenye kliniki ya kulipia huko Tirana. Fedha walizokuwa wamezitenga kwa ajili ya kubadilisha madirisha zikabadilishwa jina. Kiwandani, mahali Donika alipokuwa akishona ngozi za viatu vya Waitaliano, msimamizi alimpa ruhusa mbele ya mashine zote zilizokuwa zimenyamaza kwa ajili ya mapumziko: "Tumbo lako tena? Tumbo hilo halizai kitu ila likizo." Wanawake wawili walicheka. Mmoja wao alikuja baadaye chooni kumwomba radhi, na radhi hiyo ilimuuma Donika kuliko kicheko.

Kwa Bi Parashqevi walisema ni kipimo tu, na kwamba huenda kukawa na upasuaji mdogo. Hawakusema kizazi. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kutosema, na sababu zote mbili zilikuwa ndani ya kabati la vyombo, kwenye bakuli la sukari.

Bakuli hilo la kaure lenye mistari ya dhahabu halikuwahi kutiwa sukari. Wiki ya kwanza ya ndoa yake Donika alikuwa amelifungua akitafuta sukari ya kahawa, akakuta pamba. Juu ya pamba kulikuwa na pini ya nepi iliyotungwa shanga ya buluu na sarafu ndogo ya fedha iliyotobolewa. Bi Parashqevi alikuwa nyuma yake. "Vangjel aliivaa siku zake arobaini," alisema. "Jicho la mtu halikumgusa. Sasa inamsubiri mjukuu wangu wa kwanza." Donika akafunga bakuli. Kwa aibu hakuuliza sukari iko wapi, na tangu asubuhi ile, katika nyumba ambayo bikizee alikuwa na ugonjwa wa kisukari na Vangjel hakupenda vitamu, alikunywa kahawa chungu kama wao.

*

"Una chuma mwilini?" aliuliza Luljeta, mtaalamu wa mashine, mwanamke mnene aliyevaa kandambili nyeupe na aliyezungumza kwa haraka ya watu wa Tirana.

"Sina."

"Koili ya uzazi wa mpango? Skrubu? Betri ya moyo?"

"Sina."

"Nguoni?"

"Nimevua kila kitu. Nimebaki na fulana. Ni pamba tupu, mavyaa wangu kaishona."

Luljeta alimpapasa mabegani na mgongoni, akatazama saa ya ukutani. Nje watu walikuwa wamejaa. "Haya, baki nayo. Humu ndani kuna baridi kweli."

Donika akalala. Walimfunga kitu kama ngao juu ya tumbo, wakampa mpira wa kubonyeza endapo angeogopa, na kitanda kikaanza kuingia. Hapo ndipo alipohisi kitu. Upindo wa fulana ulivutwa, taratibu, upande wa mbele, kama mtoto anavyovuta nguo ya mama yake akitaka atazamwe. Alishusha pumzi. Ni woga, akajiambia. Kisha mlio ukaanza, wa kugonga na kukereza, akafumba macho na kumwacha huyo aliyekuwa akimvuta aendelee kumvuta.

Mlio ukakatika ghafla. Kitanda kikatoka.

"Inuka, mama. Pole pole. Njoo huku."

Katika chumba cha vioo Luljeta alimwonyesha kioo cha kompyuta. Donika aliona umbo la kijivu, mifupa ya nyonga, na katikati, mahali ambapo kizazi chake kilipaswa kuwa, shimo jeusi lenye kingo zilizopinda, kama karatasi iliyochomwa kwa sigara. Aliutafuta ukuta kwa mkono.

"Ndiyo yenyewe?" alinong'ona.

"Yenyewe nini?"

"Imekula chote?"

Luljeta alimtazama, akaelewa, na sauti yake ikashuka ngazi moja. "Hapana, mama. Hapana. Keti. Huyo si wewe. Hicho ni chuma. Chuma kinaharibu picha namna hiyo." Kisha, kwa kuwa alikuwa ameogopa yeye pia, sauti ikapanda tena. "Nimekuuliza mara ngapi? Kama kingekuwa mkasi, je? Kingeruka kikakuingia! Mimi ndiye ningefukuzwa kazi!"

"Lakini sina..."

"Nipe hiyo fulana."

Nyuma ya pazia, akiwa amejifunika shuka, Donika aliupapasa upindo mnene, akaufumua kwa meno. Shanga ya buluu ndiyo iliyotangulia kutoka.

"Ehee," alisema Luljeta akichungulia. "Mmekuja na hirizi. Watu na elimu zenu, mnakuja kwenye mashine ya kisasa na hirizi ya kitoto. Aliyefuata ameshaingia kubadili nguo. Wewe utasubiri, na utapita wa mwisho. Ukiwa na bahati."

*

Vangjel aliitambua kabla mke wake hajafungua kiganja kizima. Alikuwa amekaa kwenye korido chini ya picha ya bahari, koti lake likiwa na madoa ya gundi ya vigae, akimpisha kila aliyepita kana kwamba kiti si haki yake.

"Hii imefikaje hapa?"

"Ilikuwa kwenye upindo. Imeharibu picha."

Alisimama. Shingo ilimwiva. "Nampigia sasa hivi. Sasa hivi, Donika! Umemsomea ile karatasi, nimesikia kwa masikio yangu! Pini, ukasema, pini! Tutakosa nafasi, tutarudi mikono mitupu, kwa sababu ya ushirikina wa bibi mmoja na..."

"Vangjel, watu wanatusikia."

"Wasikie! Miaka yote hiyo pini imekaa kwenye bakuli. Nikifungua kabati kuchukua sahani, inanitazama. Nilitaka kuitupa mtoni, unajua? Mara mbili nilifika nayo mpaka darajani."

Donika hakuwa anajua. Alimvuta mkono hadi akaketi. Pini ilikuwa kwenye kiganja chake, kati yao, ndogo kuliko alivyoikumbuka.

"Hebu fikiri," alisema Donika. "Hii ni ya nani?"

"Ya mtoto. Ya mjukuu. Kila mtu anajua."

"Basi mbona ameniwekea mimi?"

Simu ikaita mfukoni mwa Vangjel. Jina la mama yake lilikuwa limejaa kwenye kioo. Donika aliichukua kabla yeye hajaamua.

"Mmemaliza?" Bi Parashqevi alikuwa na desturi ya kupiga kelele kwenye simu, kana kwamba Tirana ilikuwa ng'ambo ya bonde.

"Bado, mama. Kuna foleni."

"Umekula?"

"Hawaruhusu."

"Wezi hao. Wanachukua fedha na bado wanakunyima chakula. Una baridi?"

"Sina. Fulana inanitosha."

Moto ulisikika ukilia ndani ya jiko la Korçë.

"Usiivue," alisema bikizee, safari hii kwa sauti ya chini.

Donika alitazama shanga ya buluu. "Siivui, mama."

Aliporudisha simu, Vangjel alikuwa amejifunika uso kwa mikono yake yenye nyufa, na mabega yalimtikisika kwa namna ambayo mpita njia asingejua kama ni kicheko au kilio. Vangjel mwenyewe hakujua.

Waliitwa baada ya wote. Luljeta alikuwa amebadilisha sauti. Pengine ni uchovu, pengine alikuwa na mavyaa wake. Alimpa gauni la kliniki na blanketi la pili, akampasha moto mkono kabla ya kumchoma dawa ya mshipani, akasema, "Tulia tu kama umelala, mama. Ukitulia wewe, picha nayo inatulia." Kitanda kikaingia. Donika alisubiri kuvutwa, na safari hii hakuvutwa na kitu. Humo ndani, katikati ya ule mlio, machozi yalimtoka yakaingia masikioni, na hakuyafuta, kwa sababu alikuwa ameambiwa asijitikise.

Vangjel aliishika pini mpaka mwisho. Mke wake alipotoka, alama ya sarafu ilikuwa imejichora kwenye kiganja chake.

*

"Lipu au tofali?" aliuliza Vangjel, kabla hata ya kuketi.

Daktari Arjana alikuwa ameiweka picha kwenye kioo. Hakuwa mtu wa kuzunguka. "Tofali," alisema. "Lakini juujuu tu. Tazameni. Mstari huu mweusi ndio mpaka wa utando na misuli. Ungekuwa mzima wote, tungezungumza habari za dawa. Hapa umekatika. Ugonjwa umepita hapa, ukaingia kidogo. Nusu iko mbali, huku. Tezi sioni zilizovimba. Kwa hiyo upasuaji nitaufanya mimi, hapahapa, na mionzi huenda tusiihitaji. Baada ya kukitoa tutakipima tena, maana picha nayo si Mungu. Lakini nimefurahi, Donika. Najua hutaki kusikia neno hilo leo. Nimefurahi."

Donika aliutazama mstari pale ulipokatika. Palikuwa padogo mno, pa kuzibwa na ncha ya sindano.

"Na zile dawa? Tukijaribu tu, miezi michache..."

"Zile zilikuwa za lipu, binti yangu."

Hakulia mbele ya daktari. Alishukuru, kwa sababu alikuwa amelelewa hivyo, akavaa glavu zake, mkono wa kushoto kwenye glavu ya kulia, na Vangjel akapiga goti pale sakafuni kumvua na kumvisha upya.

*

Bi Parashqevi alisikiliza amesimama, mgongo ukielekea jiko. Vangjel ndiye aliyesema, kwa maneno mafupi, kama anayesoma vipimo vya chumba. Alipomaliza, kuni zikaporomoka ndani ya jiko, na hakuna aliyezitazama.

"Kinatoka chote?"

"Chote, mama," alisema Donika. "Tusamehe. Tulikuficha."

"Mlinificha nini? Mnalala nyuma ya ukuta alioujenga marehemu mume wangu, na alikuwa amelewa. Nasikia mpaka mkigeuka kitandani. Tangu mlipotoka kwa daktari siku ile najua lipu na tofali."

Donika alitoa pini kwenye mkoba, akaiweka mezani. Ililia kidogo ilipogusa ubao.

Bikizee aliitazama kwa muda. "Waliiona?"

"Mashine iliiona. Ikagoma kuona kingine chochote."

"Nilijua ina nguvu."

"Mama," alisema Vangjel, "alikusomea! Alisema pini!"

"Alisema pini, ndiyo. Hii si pini. Hii ni hirizi. Pini ziko kwenye kopo la uzi." Na aliposema hivyo alikuwa hana mzaha hata kidogo, hata Vangjel akaanza kucheka, akacheka hadi akashika meza, na Donika naye akashikwa, kicheko cha kwanza tangu theluji ianguke. Bi Parashqevi aliwaacha wacheke. Alikuwa amekunja midomo kama mtu aliyedhulumiwa kwenye mizani.

Kicheko kilipoisha, Donika aliuliza kwa upole, "Si ulisema ni ya mjukuu?"

Mzee aliufuta ubao wa meza mahali pasipokuwa na uchafu.

"Mjukuu hajaja," alisema. "Wewe upo."

Aliinua pini, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akamtazama mwanawe. "Kule kwa Arjana atavuliwa nguo zote?"

"Zote."

"Wewe utakuwa wapi?"

"Kwenye korido."

"Basi njoo." Vangjel, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, aliinamisha kichwa, na mama yake akaibana pini upande wa ndani wa kola ya koti lake, akaipiga kidogo kwa kiganja, kama alivyofanya, bila shaka, juu ya nepi. "Ukae karibu na mlango. Usiende kuvuta sigara."

Kisha akafungua kabati la vyombo. Alilitoa bakuli lenye mistari ya dhahabu, akaichomoa pamba iliyokwisha kuwa ya manjano na kuitupa motoni. Aliliosha bakuli kwa maji ya moto, akalikausha ndani na nje, akalikausha tena. Pakiti ya karatasi ilikuwa juu ya rafu, nyuma ya chumvi, na alihitaji kupanda kigoda kuifikia, hakukubali kusaidiwa. Sukari ilimiminika ikifanya sauti ya mvua nyembamba.

"Watu watakuja kukuona ukitoka hospitali," alisema bila kugeuka. "Hawawezi kunywa chungu kama sisi."

Akaweka kijungu cha kahawa jikoni. Mkono wenye kijiko ukasimama juu ya bakuli.

"Wewe unaweka vingapi, bi arusi?"

"Viwili, mama."

"Miaka yote hii unakunywa chungu na hukusema?"

"Hukuuliza."

Bi Parashqevi akatia cha kwanza, akatia cha pili. Akatazama ndani ya kijungu, akaguna, akatia cha tatu.